Ombi la Kuongezewa Saa za Kazi kwa Sababu ya Mlango Mmoja

Élisabethville, tarehe 13 Septemba 1952
Kambi ya Wafanyakazi, nyumba namba 212

Kwa Bwana Mkubwa wa Kambi,

Pokea kwanza heshima zangu, kisha malalamiko yangu, kwa mpangilio huo huo. Mimi ni Floribert Nkandu, mzaliwa wa Pweto, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Sijawahi kulalamika kwa maandishi. Mapadre walionisomesha walinifundisha barua za kushukuru tu, kwa hiyo ukikuta shukrani imeingia mahali pasipo pake, nisamehe, ni mazoea ya mkono.

Ukutani pa ofisi yako pana tangazo, nami nimelisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote kambini, maana siku hizi nina nafasi. Linasema siku ya mfanyakazi mwema ina mafungu matatu: saa nane za kazi, saa nane za kupumzika pamoja na jamaa yake, na saa nane za kulala. Ni mpango mzuri sana, asante. Saa nane za kazi nimezipokea zote, wala haijawahi kupungua hata moja. Taabu yangu ni zile kumi na sita nyingine. Nimepewa, lakini sina pa kuzitia.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki sita zilizopita mke wangu, Germaine, alijifungua mtoto wa kike, mzaliwa wetu wa kwanza. Mama yake akapanda lori la samaki wakavu kutoka Pweto, akaja kumtunza mzazi na mtoto, kama inavyompasa. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini kwetu, Bwana, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Simtazami usoni, simsemeshi, sili alipo, sikutani naye njiani, wala silitamki jina lake, mpaka siku atakaponipikia chakula cha kutufungulia mwiko huo mbele ya wazee wetu. Huo si ugomvi, ni heshima. Nasikia hata Ulaya watu huwakimbia mama wakwe zao, ila wao hukimbia bila utaratibu.

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba mliyonipa ina vyumba viwili na mlango mmoja. Kwa ukuta wa matofali nashukuru. Lakini aliyeichora hakuwa na mkwe. Mama wa Germaine akiwa ndani, mimi ni wa nje. Akitoka kwenda bombani kuteka maji, nina muda wa ndoo moja tu wa kuingia, kuchukua shati na kutoka, na mama huyu, kwa bahati mbaya yangu, ana mkono mwepesi. Kulala nalala kwa rafiki yangu Désiré, kijana wa Mitwaba asiye na mke. Siku ya tatu ya kulala kwake nilielewa kwa nini hana mke. Anakoroma mpaka masufuria yanajibu.

2. Barabara za kambi zimenyooka mno. Huko Pweto nikimwona mkwe kwa mbali naingia porini, nasimama nyuma ya kichaka, anapita na heshima yake, natoka na yangu. Hapa mmefyeka vichaka vyote kwa ajili ya mbu. Mtu anaonekana kutoka bombani hadi dukani kama yuko kwenye sahani. Jumanne iliyopita nilimwona anakuja, nikaruka ua wa nyumba namba 207. Mke wa mwenye nyumba alikuwa akifua nguo, mumewe alikuwa akinyoa ndevu, na wembe alikuwa nao mkononi. Nilimweleza kwamba namkimbia mama mkwe. Akaniuliza, “Na juu ya nini unamukimbilia kwa bibi yangu?” Nikaruka ua wa pili, maana mtu mwenye wembe habishiwi.

3. Kupumzika kumekuwa kosa. Polisi wa kambi amenishika mara tatu kwa uzururaji, na mara zote tatu nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Mara ya tatu aliniuliza, “Uko unafanya nini hapa?” Nikamjibu, “Niko napumuzika.” Akasema mtu anayepumzika huwa anakaa. Tangu hapo nakwenda kukaa kwa Bwana Sudi, kinyozi wa Kimaniema aliye mjini, kwa kuwa ndiko kwenye kiti ambacho hakuna mtu atakuuliza kwa nini umekikalia. Lakini kiti cha kinyozi hakikaliwi bure, lazima unyolewe. Nimenyolewa mara nne katika juma moja. Mara ya nne Bwana Sudi, ambaye ni mtu wa dini na hapendi udanganyifu, aliniambia kichwani mwangu hamna tena kitu cha kunyoa na kwamba kuanzia sasa atakuwa ananipapasa tu.

4. Tunasemeshana kwa kupitia vyombo. Mama wa Germaine ni mtu wa adabu, haniiti. Akijua nimesimama nje ya dirisha, anazungumza na chungu: “Weye chungu, kama mu hii nyumba kulikuwa mwanaume, kuni zingelikuwa zimepasuliwa.” Nami nina kuku mmoja uani, mwekundu, nikamgeukia nikamwambia kwa sauti ya kutosha kwamba mwanaume yuko, isipokuwa shoka liko ndani, chini ya kitanda anacholalia mtu fulani. Punde shoka likatupwa nje kupitia dirishani. Tumeishi hivyo wiki sita, Bwana, yeye na chungu, mimi na kuku. Sidai kwamba hatuelewani. Tunaelewana kuliko majirani wengi. Lakini majirani wanaona mtu mwenye kipara anahojiana na kuku, na wameanza kuwaita watoto wao ndani.

5. Hili ndilo linaloniuma, na nilitamani kuliandika la kwanza ila aibu ilinizuia. Kwa desturi yetu mtoto huyu amepewa jina la bibi yake. Jina hilo siwezi kulitamka wala kuliandika. Padre amembatiza Delphine, na Delphine nalitamka bila shida, lakini nikilitamka naona kama namwita mtoto wa jirani. Nilipokwenda ofisini kumwandikisha, karani wako, Bwana Adalbert, aliniuliza jina lake la kwao. Nikanyamaza. Akaniuliza jina la mgeni ninayemkalisha, maana kibali chake cha siku thelathini kimekwisha. Nikanyamaza tena. Adalbert ni mtu wa Kasai, desturi za kwao anazijua yeye. Akaweka kalamu chini, akasema, “Nkandu, unafichaka banamuke babili.” Nikamwambia ndiyo ni wanawake wawili, mmoja ana wiki sita. Hakucheka. Nikamtuma Désiré alitamke kwa niaba yangu, akarudishwa, kwamba jina la mtoto hutoka kinywani mwa baba, si mwa jirani. Kwa hiyo katika daftari lako mwanangu ni mstari mtupu, na mama mkwe wangu ni mstari mtupu wa pili, na tetesi za kambi zimejaza mistari yote miwili.

Na kumwona kwenyewe mtoto simwoni. Kila Germaine anapomtoa uani nimpokee, bibi yake anatoka nyuma yake na kitambaa, kwa kuwa haamini upepo wa mji huu. Akitokea yeye, mimi nageuka nitazame ukuta. Tangu alipozaliwa nimemwona mwanangu kwa muda wa hatua tatu, kisha ukuta. Kilio chake nakijua, nakitofautisha na vilio vya mtaa mzima. Uso wake nauliza kwa watu. Naambiwa ana masikio yangu.

Utaniuliza kwa nini chakula hicho hakipikwi tukamaliza. Kinatakiwa kipikwe mbele ya wazee, na wazee wako Pweto. Niliomba ruhusa ya kwenda nikajibiwa kwamba likizo yangu inaiva mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu mtoto atakuwa anatambaa, na kwa jinsi ninavyoishi atatambaa kunipita asijue mimi ni nani.

Kwa sababu hizo zote, Bwana Mkubwa, naomba moja kati ya haya, nami nitashukuru kwa lolote.

Kwanza, niongezewe saa nane za kazi. Zile za kupumzika pamoja na jamaa nakurudishia kama zilivyo, hazijatumika, na nina hakika yupo mtu kambini anayezihitaji.

Ikiwa nane hazitoshi kuleta utulivu, basi nipewe na zile za kulala, niwe naishi kiwandani moja kwa moja. Karibu na tanuru pana joto zuri, na kelele zake ni ndogo kuliko za Désiré.

Ikiwa hilo linapingana na sheria, naomba barabara ya kutoka namba 212 hadi bombani ipindwe mahali pawili, na kila kona iwekewe kichaka kimoja. Kichaka nitakitunza mwenyewe, mbu wake pia.

Ikiwa barabara haipindiki, basi mama wa Germaine apewe sireni. Kampuni ikitaka kutuamsha inapiga sireni na mji mzima unajua. Yeye naye apige akitaka kutoka, moja ndefu akienda bombani, mbili fupi akienda dukani.

Na ikiwa yote haya ni mazito, naomba Kampuni imwajiri. Sifanyi mzaha. Ana nguvu, haogopi moto, na hana mazungumzo na wanaume. Mumpe zamu ya saa ambazo mimi niko nyumbani, na mimi niwe na zamu ya saa ambazo yeye yuko nyumbani. Kila mmoja atapata saa nane za kazi, saa nane za jamaa na saa nane za kulala, na tangazo lako litakuwa la kweli kwa mara ya kwanza katika nyumba namba 212.

Nasubiri jibu lako nikiwa mahali popote penye kiti. Nisalimie Madamu wako, watoto wako, mama mkwe wako kama yuko karibu, na karani Adalbert, ambaye simwekei kinyongo ila nusu.

Ndimi mfanyakazi wako mtiifu, asiyezurura,

Floribert Nkandu

N.B. Bwana Mkubwa, nimeifungua tena barua hii leo Jumapili kwa mvuke wa chungu, kile kile. Ukiwa bado hujaisoma, tafadhali usiisome, anza hapa.

Baada ya misa nimeitwa ndani ya nyumba yangu. Nilikuta wamama wawili wazee wa Pweto, wanaokaa kambini, wameketi mkekani, na Mama wa Germaine amepiga magoti akiwa na sahani. Kumbe siku zote dirisha linasikika pande zote mbili, na jana nilipokuwa nikijisomea barua hii kwa sauti pale nje, ili nipime kama ina heshima, aliisikia yote mpaka sireni. Akawaambia wenzake, “Bazee bako mbali. Pweto njo siye tuko hapa,” yaani wao wenyewe ndio wazee wa Pweto. Akaninawisha mikono, akanifunulia sahani, nikala mbele yake. Alikuwa ni yule kuku mwekundu. Nilisita kidogo, maana tulikuwa tumezoeana, lakini kazi yake ya kupeleka maneno ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo futa maombi yangu yote. Saa nane za kupumzika nilizokurudishia nazitaka tena, na za wiki sita zilizopita kama zimehifadhiwa. Saa za nyongeza mpe Désiré, itakuwa faida kwa jirani zake. Kesho usiponiona asubuhi kwenye tanuru, usinitafute kwa Sudi. Na kibali cha mgeni kiongezwe, si kwa siku thelathini, kwa kadiri karatasi inavyoruhusu, kwa kuwa mtoto akilia ni yeye tu anayejua kumnyamazisha, na mimi nataka kujifunza.

Mwambie pia Adalbert achukue kalamu. Katika mstari wa mgeni aandike Chola. Katika mstari wa mtoto aandike Chola. Nimemshika mkononi mchana huu kwa muda mrefu, na masikio ni yangu kweli. Nikamwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza, polepole, nisimwamshe.

Akaitika bibi yake, kutoka jikoni.