Chupa ya Maua Mekundu

Lallan Tiwari alimwona Kudsia Begum akitoka kwenye duka la mwisho la dawa pale Chowk, mjini Lucknow, ushungi umelowa machozi. Akanyoosha kola. Machozi ya watu yalimtia hamu ya kazi kama harufu ya kebabu.

"Mama mkubwa, nani anaumwa?"

"Murtaza, mwanangu wa pekee. Korona. Daktari anataka ile sindano ya kingamwili leo hii, na mji mzima hamna."

"Naijua. Virusi vimeshachoka, mama, ila askari wa mwili wake wamepandwa na wazimu, wanaunguza mapafu yao wenyewe. Sindano ile inawaziba masikio wasisikie tarumbeta ya vita. Ninayo."

Na hayo, jamani, yalikuwa kweli tupu. Lallan alikuwa muungwana: ukweli aliutoa bure, uongo ndio aliouuza.

Kichupa halisi alikuwa nacho kimoja, na hakikuuzwa kamwe. Kilikaa na kisanduku chake ndani ya chupa ya barafu yenye maua mekundu. Kilitoka kukaguliwa, kikarudi. Mteja akishalipa, alipewa pacha wake aliyejaa maji ya chumvi, kutoka kwenye uwazi wa siri kifunikoni.

Nyumbani kwa bibi, mpwa wake Shibli, mfamasia, alikigeuzageuza kichupa kwenye mwanga, akabonyeza kizibo.

"Halisi, mama mkubwa."

"Kirudi haraka!" Lallan akakitumbukiza. "Joto hili la Mei litakiharibu. Na tusifunguefungue, baridi inatoroka."

"Basi ikae kwenye friji yangu ukiwa unakula."

"Kula? Mama mkubwa, mgonjwa anangoja!"

"Mgeni atoke kwangu na njaa, majirani wanicheke? Shibli, peleka chupa jikoni. Wewe baba, njoo nikunawishe."

"Nitanawa mwenyewe."

"Mikono yangu inanuka?"

Mtu wa Lucknow anaweza kuikana saini yake mbele ya hakimu, lakini hamkatalii bibi kizee aliyekwisha shika birika. Lallan akanyoosha mikono juu ya beseni. Bibi akamimina kwa mapozi, akampaka sabuni mpaka viwikoni, akamsuuza, akampaka tena.

"Korona hii, mwanangu. Geuza viganja."

"Mama, nimetakata!"

"Kucha je?"

Mtu aliyejaa povu namna ile hata pua yake hawezi kuikuna, sembuse kuchungulia jikoni.

Kebabu zililainika mdomoni kabla ya kutafunwa. Lallan alipomaliza, bibi akamletea chupa yake, akavua bangili za harusi akilia kwa kwikwi. Lallan akazipokea kwa huzuni ya kitaalamu, akazungusha kifuniko, akampa pacha.

"Shibli yuko wapi akikimbize?"

"Ametangulia hospitali kwa baiskeli, baba. Mungu akulipe unachostahili."

Lallan akaitika amina.

Njiani akapitia kwa sonara. Sonara akazisugua bangili, akacheka: shaba. Lallan akajiliwaza, naye si alimpa bibi chumvi? Hesabu sawa. Akanyoosha moja kwa moja kwa Jaiswal, mkandarasi aliyetaka kununua dawa zote mjini azifiche mpaka bei ipande. Jaiswal alikuwa na daktari wake pembeni, na wadogo zake wawili, wacheza mieleka, mlangoni.

"Kagua mwenyewe, daktari," Lallan alisema, akafungua chupa kwa madaha.

Kisanduku kilikuwa baridi barabara. Daktari akakifungua. Ndani mlikuwa na tambuu ya kutafunwa baada ya mlo, imekunjwa vizuri, imepambwa kwa karatasi ya fedha.

"Hii inachomwa wapi?" aliuliza daktari. "Begani au shavuni?"

Jaiswal hakucheka. Wale wadogo zake wakafunga mlango.

Hospitalini, homa ya Murtaza ilianza kushuka kidogo kidogo. Daktari alikuwa amewaonya kwamba sindano ile haimfai kila mtu. Siku Murtaza alipoomba kebabu, mama yake akajua imemfaa huyu.

"Mama mkubwa," alisema Shibli, "ulimtambuaje yule?"

"Si marehemu mume wa jirani yangu Safia aliuziwa maji ya chumvi? Safia alinisimulia ile chupa, ua kwa ua. Nilipoiona tu, nikajua ndani mna kimoja cha kweli cha kuonyeshea."

"Na kile kichupa alichokupa?"

"Nimesukutulia koo," alisema Kudsia Begum. "Baba wa watu, chumvi alipima vizuri."