Semafori ya Kasulu Dhidi ya Semafori ya Kibondo

Jumatatu, 10 Novemba 1997. Kasulu.

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote: semafori ya mfumo wa Linux katika kompyuta kongwe ya 486 ni nyepesi kuliko semafori ya Windows NT katika Pentium mpya. Pentium iko Kibondo, mikononi mwa Tamimu. Hiyo 486 iko hapa, mikononi mwangu. Ijumaa Bwana Marselino, mkuu wa shirika letu, ataamua ni kompyuta ipi itunze rejista ya wakimbizi wa wilaya zote mbili. Mtunza rejista atapandishwa cheo. Mwenzake ataendelea kuchapa orodha za mgawo wa mahindi mpaka azeeke.

Mama Immakulata, mwendeshaji wetu wa redio ya upepo, aliniuliza semafori ni mdudu gani. Nikamweleza kwamba ni kama ufunguo wa choo cha ofisi. Choo kimoja, watu kumi. Ukiukuta ufunguo msumarini, unachukua na kuingia. Usipoukuta, unangoja. Ndivyo programu nyingi zinavyotumia rejista moja bila kuvurugana. Akataka kujua kama ni hilo lililoniweka Dar es Salaam miaka minne.

Flopi yenye programu ya kupimia imeondoka leo na Twalibu, dereva wetu, kwenda Kibondo.

Jumanne, 11 Novemba.

Matokeo. Programu huchukua ufunguo na kuurudisha mara milioni moja. Kasulu: sekunde thelathini na moja. Kibondo, kwa mujibu wa Tamimu: kumi na saba. Aliyasema hayo redioni, vituo vyote vikisikiliza, kisha akauliza kama sisi huku tunaizungusha ile 486 kwa mkono. Kituo cha Titye kilicheka bila kuombwa maoni.

Nilirudi mezani. Mashine yangu hupiga mapigo milioni sitini na sita kwa sekunde. Yake, milioni mia moja thelathini na tatu. Mtu mwenye miguu mirefu maradufu anapaswa kufika kwa nusu ya muda, naye Tamimu hakufika kwa nusu. Kwa kila pigo, Kasulu inaongoza kwa takriban sehemu moja ya kumi. Nilimtangazia hayo jioni. Akajibu: "Msomi, ukishindwa mbio unapima miguu?" Titye ikacheka tena.

Jumatano, 12 Novemba.

Mama Immakulata aliyatazama mahesabu yangu kwa muda mrefu, akauliza ni programu ngapi zilikuwa zikingoja nje wakati wa kupima. Nikasema hakuna, ilikuwa moja tu, ikiingia na kutoka. "Basi, mwanangu," akasema, "umepima choo siku ya Jumapili."

Nilinuna mpaka saa saba. Kisha nikashindwa kula. Amesema kweli. Ufunguo usiogombewa haumwambii mtu lolote.

Mchana kutwa niliandika upya. Sasa programu arobaini zinaugombea ufunguo mmoja. Mistari tisini na minne. Zile sekunde thelathini na moja zimekuwa dakika tatu na nusu! Kwa nini? Kila inayongoja lazima ilazwe, kisha iamshwe, na kulaza na kuamsha kuna gharama yake. Lakini nani huamshwa kwanza? Aliyetangulia kufika, au yeyote aliye karibu na mlango? Je, Windows huamsha kwa utaratibu mwingine? Sijui, na kutojua kunaniwasha mwili mzima.

Alhamisi, 13 Novemba.

Flopi ya pili haina wa kuipeleka. Gari limetoka Kibondo asubuhi linakuja huku, na mvua haijakatika. Nikaamua kumsomea Tamimu programu yote kwa redio, aandike neno kwa neno. Mama Immakulata alikuwa amekwenda sokoni, hivyo sikuhitaji kubishana na mtu.

Saa nne kamili nilibonyeza kitufe cha maikrofoni. Redio yetu ina tabia moja: ukibonyeza, unasema wewe tu, husikii mtu. Desturi ni kusema kidogo, kutamka "ova", na kuachia. Sikuona maana ya kufanya hivyo. Programu iliyokatwa nusu ni takataka. Nilisoma mistari yote tisini na minne, pamoja na kila mabano na kila nukta-mkato. Dakika ishirini na tano. Nikasema ova.

Hakujibu Tamimu. Alijibu Twalibu kwa redio ya gari, sauti imemkauka. Gari limezama matopeni njiani, Nyakitonto. Tangu saa nne na dakika mbili anaita trekta. Maji yamefika mlangoni. Bwana Marselino yumo ndani.

Kisha Bwana Marselino mwenyewe alishika maikrofoni. Akauliza, kwa upole usiopendeza, kama nukta-mkato zimekwisha. Nikathibitisha kwamba zimekwisha. Ova.

Ijumaa, 14 Novemba.

Mkuu aliwasili juu ya trekta, akiwa na kiatu kimoja. Hakuitazama 486. Rejista itakaa Kibondo.

Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hajaona takwimu. Alisema amezisikia zote, mstari kwa mstari, maji yakiwa magotini. Akaniuliza kwa nini sikuachia redio. Nilimjibu kwa usahihi: hapakuwa na aliyengoja, kwa kuwa muda wote ule sikusikia mtu. Bwana Marselino akamtazama Mama Immakulata. Mama Immakulata akatazama dirishani. Nimekatazwa kugusa maikrofoni kwa miezi mitatu.

Jumamosi, 15 Novemba.

Nimetafakari kwa utulivu. Uamuzi umetolewa na matope, si na vipimo. Dakika ishirini na tano kwa mistari tisini na minne ni sekunde kumi na sita kwa mstari. Nani angesoma upesi zaidi? Na foleni, narudia, ilikuwa tupu.

Tamimu hajaleta matokeo ya programu niliyomsomea. Kwa kuwa redio nimenyimwa, nimebandika tangazo ubaoni hapa, na nakala zinakwenda vituo vya Kibondo, Titye na Kitanga. Linasema: Bwana Tamimu aeleze kwa maandishi, mbele ya watumishi wote, kabla ya Ijumaa ijayo, programu arobaini zikingoja, Pentium yake hutumia sekunde ngapi, na ipi huamshwa kwanza. Ajibu hadharani.