Saruji Mbichi Haijapitwa

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa muziki,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Mimi ni daktari wa meno na mama wa watoto wawili, si mtu wa makelele. Lakini mchambuzi wenu ameandika kwamba albamu ya pili ya kundi la Ndimi Tatu, *Taa ya Ngazini*, imeipita ile ya kwanza, *Saruji Mbichi*, kwa ubora na kwa alama iliyoacha katika hip-hop. Tazameni basi mliowaumiza:

1. Fundi bomba aliyekuwa kitini pangu, mdomo wazi, pamba kila upande. Nilimsomea makala yote, nikamuuliza kama huo si upuuzi. Akasema, "Aa-aa." Ikabidi nimweleze upya, wimbo kwa wimbo. Ganzi ikamwisha nikiwa bado kwenye wimbo wa tatu.

2. Muuguzi wangu. Alinijibu mbele ya wagonjwa: "Daktari, wachanaji wote wa hip-hop wa leo wanaiga *Taa ya Ngazini*." Nikamwambia wanaiga hiyo kwa sababu *Saruji Mbichi* haiigiki! Foleni ikagawanyika. Bibi mmoja aliyefuata meno ya bandia akasimama, akapiga mdundo kwa mdomo, bila meno, na kwa ustadi wa kutisha. Alikuwa upande wenu. Nikamrudisha mwisho wa foleni.

3. Mume wangu. Huyu bwana nilimkubali kwa sababu alinichania *Saruji Mbichi* nzima bila kukosea neno. Jana, huku anakoroga chai, ananiambia, "Mke wangu, ile ya pili ina besi, bwana." Besi! Nimeitisha kikao cha familia zote mbili. Mama mkwe anasema haegemei upande wowote, ila anakuja na spika yake.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, mchambuzi wenu aje kliniki. Sitamng'oa kitu. Nitamjaza pamba tu, nimweleweshe taratibu.

Nisalimieni wahariri, wapiga chapa na mlinzi wa getini.

Wenu katika mdundo,
Daktari wa Meno

N.B. Nimefungua kasha la *Saruji Mbichi* ili niwanukulie ushahidi. Diski iliyomo imeandikwa *Taa ya Ngazini*. Mume wangu anasema diski hizo mbili zilibadilishana makasha kabla hatujaoana, na alidhani najua. Kasha la pili sijawahi kuligusa, kwa msimamo. Basi popote nilipoandika albamu moja, someni nyingine. Hasira ziacheni kama zilivyo.