Foronya Aliyoiacha Mama

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza. Nimesema hivyo kila Jumatatu tangu Mama Mdogo atugawie zile foronya, lakini leo ni kweli. Sababu ni kwamba Mama Mdogo anakuja Jumapili kuzikagua.

Nieleze vizuri, maana huenda nikaisoma shajara hii nikiwa mzee nisiyekumbuka kitu. Marehemu Mama aliacha foronya mbili nyeupe zilizochorwa maua. Alikuwa ametarizi ua moja tu katika kila foronya, pembeni. Mama Mdogo, aliyemfuata Mama kuzaliwa, akampa dada yangu moja na mimi moja. Akasema atakayeimaliza vizuri ndiye atakayechukua fremu ya Mama na kopo lake la nyuzi. Dada akacheka. Kisha akanitazama, akacheka upya.

Fremu naitaka. Ni duara la mbao tu, na sokoni zipo mpya zinazong'aa. Lakini ile ina kibonde pale Mama alipokuwa akiegemeza kidole gumba miaka yote. Nikiweka changu kinaingia sawasawa. Kopo nalo lilikuwa la maziwa ya unga, na hadi leo ukilifungua linanukia maziwa na nafthalini. Harufu ile ikienda kwa Dada, sijui nitaipata wapi tena.

Si uvivu unaonichelewesha. Ni muda. Mtu wa masjala hana muda: mafaili yanaingia, mafaili yanatoka, nyumbani bomba linavuja. Ustadi ninao. Nimekulia kando ya miguu ya Mama akitarizi, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jioni nikakaa na foronya. Nikapanga nyuzi kwa rangi. Nikazipanga tena, kuanzia rangi nyepesi. Nikatafuta kiti kinachofaa. Giza likaingia. Kesho.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Mgonjwa haendi kazini, anakaa kitandani mikono mitupu. Nani ana muda kumshinda mgonjwa?

Nikampigia bosi nikakohoa. Bosi wetu tunamwita Mihuri, kwa kuwa hata chai ya saa nne haitoki jikoni bila idhini yake. Akanipa pole kwa upole mwingi, akasema nipumzike. Mke wangu nikamwambia nimepewa likizo ya siku moja. Nikaingia kitandani na foronya yangu, nikajipongeza.

Sijatunga hata uzi, hodi. Mihuri alikuwa amewatuma katibu muhtasi na mhasibu waje kumjulia hali mgonjwa. Nikaisukuma foronya chini ya shuka. Mke wangu akasikia mlangoni kwamba nina homa kali. Nilimwona akifikiri. Kisha akawaambia ndiyo, tangu jana, na kwamba amekawia kunipa dawa. Akaenda jikoni akachemsha majani machungu ambayo hata mbuzi wetu aliyakataa. Akasimama mbele ya wageni mpaka nikamaliza kikombe. Akaniongeza cha pili, kwa mapenzi.

Wageni hawakuondoka. Katikati ya maongezi nikajigeuza, na sindano ikaniingia pajani. Nikapiga yowe. Mhasibu akasema homa imepanda, heri wakae kidogo. Wakakaa mpaka wakala chakula chetu cha mchana.

Njia ya mwongo ni fupi, alisema mke wangu akiosha vyombo. Nikajifanya nimelala.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi kazini. Kila mtu ananipa pole, na mhasibu ananiangalia kwa huruma ya kweli, jambo linaloniudhi zaidi.

Mpango mpya: kutarizi kazini, nyuma ya rafu za mafaili ya zamani, mahali ambapo mtu hafiki. Kuna dirisha dogo linaloingiza jua la asubuhi. Nikakaa pale juu ya boksi, foronya pajani, na ghafla nikawa mtoto. Jua lilikuwa lile lile la kizingiti chetu. Mama akiketi pale baada ya kazi za nyumbani, redio ikinong'ona ndani, akikata uzi kwa meno ingawa mkasi uko kando yake. Wageni wakija, kabla ya kusalimiana vizuri, walikuwa wakigeuza kitambaa chake kutazama nyuma. Nyuma ndiko kunakomsema fundi, alikuwa akisema Mama. Mafundo yakionekana, mwenye kazi hana subira. Ya kwake hayakuonekana kamwe. Machozi yalinilenga, nakiri.

Nikatarizi petali nzima! Halafu nyingine. Hazikufanana, lakini hata maua ya bustanini hayafanani.

Ndipo Mihuri akaniita kwa jina langu lote. Nikasimama haraka. Foronya ikasimama nami. Nilikuwa nimeishona kwenye suruali. Isitoshe, sindano ilikuwa imepita pande zote mbili za foronya, kwa hiyo hata ningeibandua kwenye suruali, mto usingeingia. Mihuri akatazama kitambaa cheupe chenye maua kikining'inia pajani. Akauliza kama ni masharti ya daktari. Nikasema ndiyo. Akaniruhusu niende nyumbani mapema, akaniambia niwe natembea polepole.

Jioni yote nimefumua. Petali zote mbili zimekwenda. Suruali imebaki na matundu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda dukani kwa Dada kupeleleza. Nilisema nimekuja kununua kalamu. Dada anauza vifaa vya shule na wateja hawaishi, kwa hiyo nilikuwa na imani kwamba yeye pia amekwama.

Hakukwama. Foronya yake ilikuwa juu ya kaunta, kwenye fremu ya plastiki, imebaki ua moja tu. Mteja akija anaiweka chini, anauza daftari, anarudisha chenji, anaichukua tena. Anashona jani moja. Mteja mwingine. Nusu jani. Nikamwambia huko si kutarizi, ni kudonoa kama kuku. Sanaa inataka mtu atulie, siku nzima, kichwa kitupu. Akanijibu haba na haba hujaza kibaba, akaniuliza yangu imefika wapi. Nikasema iko katika hatua nyeti.

Akanisogezea kigoda, akasema niilete tushone pamoja, kama zamani. Ujanja huo! Anataka aone kazi yangu kabla ya wakati. Nikakataa, nikaondoka bila kalamu.

Nikapita moja kwa moja kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Tunamwita Fundi Kesho, na hilo linajieleza. Ana mashine mpya inayotarizi yenyewe. Nikamwambia ni dharura ya kifamilia, nikamwonyesha ua la Mama, nikamwambia ajaze mengine yafanane nalo. Akasema kesho. Nikamsihi ile kesho ya kweli. Akaapa.

Dhamiri ilinisumbua njiani. Nikaituliza: mashine nayo ni mkono, ila wa chuma.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi Kesho amemaliza! Mtaa mzima umeshangaa. Alinikabidhi foronya imekunjwa vizuri, akakataa hata nimshukuru sana, akasema ameniongezea na kitu cha ziada.

Nikaifungua nyumbani. Maua hakuna. Katikati ya foronya ya marehemu Mama kuna nembo kubwa ya shule: kitabu, mwenge, na maneno ELIMU KWANZA kwa uzi wa manjano. Fundi Kesho alikuwa na sweta za wanafunzi kwenye mashine, akaona kubadilisha mchoro ni kupoteza muda wangu.

Nikarudi kwake mbio. Akaniambia nembo ile haifumuki, ina gundi kwa nyuma, ndicho kile cha ziada, na kwamba wazazi wengi wangeipenda. Ua la Mama, namshukuru Mungu, halikuguswa. Liko pale pembeni, dogo, likiutazama mwenge.

Mke wangu amesema niende kwa Dada nikaseme ukweli. Wanawake hawajui vita.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na wazo. Siku hizi wasanii hawashoni tu. Wanachanganya: kitambaa, shanga, karatasi, mbao, chochote. Kazi ya mchanganyiko. Kilichoonekana jana kuwa msiba, leo ni msingi.

Kutwa nzima nimefanya kazi, na hapo ndipo ajabu: muda ulikuwepo! Kitabu cha ile nembo nimekifunika kwa lesi ya pazia la sebuleni. Mwenge umekuwa mti wa vifungo, vifungo vya mashati yangu ya kazini. Maneno nimeyazika chini ya shanga za mke wangu, zile alizosema zimekatika. Sasa anasema hakusema zote. Palipobaki wazi nimebandika maganda ya mayai yaliyopondwa. Gundi ya mbao imekwisha kopo zima.

Nilipoinua kichwa nilikuwa nikiimba wimbo wa Mama, ule usio na maneno aliokuwa akiuimba puani. Sikuwa nimeukumbuka tangu azikwe. Nikaacha kubandika kwa muda, nikauimba mpaka mwisho.

Foronya imeanikwa. Imekauka, inasimama yenyewe dhidi ya ukuta. Dada ana maua tu, masikini.

Jumapili, 9 Juni

Mama Mdogo amekuja. Amezeeka, lakini anaketi kama Mama.

Dada akaanza. Mama Mdogo akaigeuza foronya yake, akatazama nyuma, akapitisha kidole. Akaibusu. Nyuma kulikuwa safi.

Nikaleta yangu kwa mikono miwili, kama sinia. Mama Mdogo akajaribu kuigeuza ndani nje, ikakataa, kwa kuwa gundi ilikuwa imepenya ikashikamanisha pande zote. Akaitingisha, ikalia. Kifungo kimoja kikadondoka kwenye chai yake. Akainua lesi kwa ukucha, akachungulia, akasoma. Kisha akaniuliza, bila kucheka, niko kidato cha ngapi.

Dada alitoka nje. Nilimsikia akicheka huko uani mpaka akakohoa.

Nikajitetea: muda, Mama Mdogo, muda ndio ulioniangusha, ustadi ninao tangu utotoni. Dada akarudi akipangusa macho, akaniuliza ustadi gani. Akasema sijawahi kushona hata jani moja kwa Mama. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu Mama alikuwa haoni tundu.

Mama Mdogo akaweka kikombe chini. Akasema marehemu dada yake alikuwa akiona tundu la sindano vizuri kuliko yeye, mpaka mwaka aliofariki. Alikuwa akijisingizia tu. Mtoto wa kiume hatulii, Mama alimwambia, na ukimwita akae na wewe anakimbilia mpira. Lakini ukimwambia mama yake haoni, anakaa.

Nililia. Sioni haya kuiandika. Miaka yote ile nilidhani namsaidia, kumbe alikuwa akinitafutia nafasi pembeni yake. Dada naye akalia, na mke wangu, ambaye alikuwa bado amenikasirikia kwa shanga.

Fremu na kopo vimeenda kwa Dada. Ni haki. Lakini Dada akasema fremu itakaa dukani, na kigoda kipo, nikitoka kazini nipite nikae, atanifundisha mshono mmoja kila siku. Mama Mdogo akanikatia kipande kidogo cha gauni la zamani la Mama, la bluu, nijifunzie. Akasema nisitafute siku nzima. Dakika chache, kila siku, pamoja na Dada.

Nimeahidi. Nimebadilika kabisa. Kuanzia kesho.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikuwa njiani kwenda kwa Dada baada ya kazi, naapa, wakati wazo liliponijia. Nitajifunzaje mahali penye wateja wakiulizia rula? Jambo la maana kama hili linataka mahali pake.

Nikarudi nyumbani nikatoa vitu vyote stoo. Nitatoboa dirisha upande wa mashariki, lile jua la asubuhi liingie. Rafu hapa, meza pale, kizingiti kidogo cha kukalia. Mke wangu ameuliza vitu vya stoo vitakaa wapi. Ndilo tatizo la watu wasio wasanii.

Kibao cha mlangoni nimeshakipaka rangi: CHUMBA CHA KUTARIZI. Herufi zimependeza. Brashi ilikuwa ikidondosha rangi, nikaifutia kitambaa kilichokuwa mfukoni, na nilipotazama kilikuwa kile cha gauni la Mama. Nimekiosha. Doa halijatoka lote. Ukiinamisha kichwa kidogo ni jani.

Dada ametuma ujumbe jioni. Ameuliza mbona sijapita, ameniwekea kigoda karibu yake na sindano zinasubiri wa kuzitunga, maana siku hizi, anasema, haoni tundu vizuri.

Nimemjibu anunue miwani. Mimi wiki hii sina nafasi hata kidogo, natafuta muda wa kutarizi.