Gigabaiti Zangu Zilizomegwa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amenikabidhi kazi nyeti. Video za harusi ya binti yake wa mwisho zimfikie kaka yake yeye mwenyewe, mjomba wa mke wangu, anayeumwa ughaibuni na hakuweza kuja. Msafiri wa kuzibeba anaondoka Alhamisi. Nikifanikiwa, mimi ndiye mpiga video rasmi wa ukoo. Nikiboronga, kazi itakwenda kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, anayejua kompyuta na hachoki kutujulisha. Video zina gigabaiti 62. Nimenunua flashi ya 64. Nafasi itabaki. Nimelala mchana kwa amani.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomeka flashi. Kompyuta inasema 59! Nimekwenda dukani nimevimba. Muuzaji, mtu mpole, hakuacha hata kunywa chai yake. Akasema hakuna aliyemega kitu. Kiwandani gigabaiti ni baiti bilioni moja kamili. Kompyuta yangu haipandi kwa elfu, inapanda kwa 1024: baiti 1024 ndiyo kilobaiti, kilobaiti 1024 ndiyo megabaiti, hivyo hivyo hadi juu. Gigabaiti yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana inahesabu chache. Nikamuuliza kama wateja wengine huikubali hadithi hiyo. Akasema wengi.

Jumatano, 5 Machi
Akili imenijia nikinyoa ndevu. Kompyuta ya shemeji ni ya aina nyingine, inahesabu kwa elfu kama kiwanda. Nimeiazima, nikisingizia nina barua ya kuandika. Flashi imesoma 64 kamili! Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikachomeka diski yenye video. Zikasoma 66 na nusu. Zimenenepa saa ngapi?

Kumbe shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasema nimebadilisha rula tu, kitambaa ni kile kile. Akajitolea kuzibana video zipungue. Nikamshukuru, nikakataa. Siwezi kumpa ushindi wa mezani. Nikaacha nje kipande kimoja kirefu ambacho hakuna anayecheza ndani yake: hotuba ya mama mkwe. Vilivyobaki vikaingia vyote, na flashi nikampelekea msafiri mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Mjomba wa mke wangu amempigia simu mama mkwe, sote tukisikiliza. Ameshukuru, amesifu, amecheka. Kisha akauliza hotuba iko wapi. Alisema keki na magari ameviona kwenye harusi nyingi. Alichokuwa akikingoja ni kumwona dada yake akimtaja marehemu baba yao mbele ya watu. Mama mkwe akanitazama. Afadhali angefoka. Nimeona aibu, na ya kweli.

Shemeji akachukua diski, akaibana hotuba, akaituma kwa simu. Mjomba ameipata kabla sijamaliza kuomba radhi. Amelia, na mama mkwe naye akalia.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe ametangaza, kwa upole, kwamba mahafali ya mpwa wetu atayarekodi shemeji. Mimi nitapanga viti. Sikubishana.

Nimetafakari sana, na nimeliona kosa lilipokuwa. Flashi ilikuwa kubwa mno. Kubwa ndiyo inayomegwa. Leo nimenunua mbili za 32. Kitu kidogo namna hiyo, kiwanda kitamega wapi? Bado sijazichomeka. Sina haja.