Rula Alipogeuzwa Besi

Teksi ilikuwa imefunguliwa milango yote, na bado besi haikuingia. Ilikuwa besi ya kusimama, ile fidla iliyonona mpaka ikampita mtu kimo. Dereva alikwisha kusema maneno yote aliyofundishwa na mama yake, na sasa alikuwa ameanza kutumia yale aliyojifunza barabarani. Mwenye besi, mwanamke mtaratibu mwenye mabega mapana, aliendelea kuipenyeza shingo ya chombo chake dirishani bila kumjibu. Wapita njia walisimama kutazama, maana watu hawana kazi.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa kazini. Huyo walimwita Rula, kwa sababu alikuwa mrefu na mnyoofu. Mnyoofu wa mgongo, hayo mengine tusiyaguse. Alikuwa dalali. Dalali wa nini? Wa chochote. Aliwahi kuuza jenereta la kukodi, na aliwahi kupangisha ukumbi mmoja kwa harusi mbili za siku moja, akala kwenye zote mbili.

"Dada," alisema, akiwa ameshashika kitako cha besi kabla ya kuombwa, "chombo cha heshima namna hii unakitembeza uchi? Na jua hili, na vumbi hili?"

"Mifuko yake haipatikani madukani, kaka."

"Nani kataja duka? Kuna mama fundi cherehani mtaa wa pili, nyumba ya mlango wa kijani. Yule akikushonea hema utadhani ni shati la sikukuu. Mwambie Rula ndiye aliyekutuma."

Hakusema kwamba mama huyo ni shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajafikia meza na ambaye mpaka leo anamlaza chumba cha nyuma bure. Wala hakusema kwamba kwa kila mteja anayempelekea, humtoza shangazi huyo kamisheni. Undugu ni undugu, biashara ni biashara, na Rula alikuwa na mikono miwili.

"Nitaenda," alisema mpiga besi. "Ila mfuko hautanisafirisha. Bendi yetu ina besi hii, ina ngoma kubwa, ina tarumbeta la kuzungusha begani. Natafuta stesheni wagoni, gari lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti. Refu, la zamani, la dizeli, nisifilisike kwa mafuta."

Rula alihisi masikio yake yakipata moto. Nyuma ya nyumba ya mlango wa kijani, chini ya mabati, lilikuwa limelala stesheni wagoni la dizeli aliloacha marehemu mume wa shangazi, ambaye enzi zake alilitumia kusambaza vitanda. Tangu azikwe, kuku walikuwa wakitagia humo.

"Dada, Mungu anakupenda," alisema, akishusha sauti. "Jana tu daktari mmoja mstaafu kaniita. Gari lake la kijivu kalipenda kuliko wanawe, taa moja ya nyuma nyekundu, nyingine ya chungwa, kama pambo. Nyumbani na hospitali, hospitali na nyumbani, basi. Jumapili analifunika shuka."

Jioni hiyo alimkuta shangazi kwenye cherehani yake ya miguu, anapiga pedali huku miguu imemvimba. Hilo halikuwa jambo geni. Kila mwezi miguu ilivimba zaidi, na kila mwezi alitaja cherehani ya umeme, halafu akatazama dirishani, kwenye lile gari. Tumaini lake lote lilikuwa humo, pamoja na mayai.

"Shangazi, lile gari nimelipatia mtu wa chuma chakavu."

Miguu ilisimama. "Ndiyo limefika huko?"

"Injini imekufa, Shangazi."

"Marehemu alikuwa akisema dizeli haifi, inazeeka tu."

"Marehemu alikuwa mtu wa moyo mwema."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua mambo ya mjini." Akaanza tena kupiga pedali, polepole. "Hiyo bei ya chuma, itafika cherehani ya umeme?"

"Itasogea," alisema Rula.

Moyo ulimchoma kidogo. Akauambia unyamaze, ukanyamaza, ulikuwa umeshazoea. Yeye alikuwa akifikiria kiti. Alitaka ofisi yenye kioo mbele na ndani yake kiti kile kinachozunguka, ili mteja akiingia amkute amempa mgongo, kisha ageuke taratibu kama mkurugenzi. Tofauti kati ya bei ya chuma na bei ya gari la daktari ingetosha kiti na ofisi ya kukizungushia.

Hapa mtu atauliza: mwenye akili zake timamu anampelekaje mnunuzi kwenye nyumba ya yuleyule anayemwibia? Ndiyo ubaya wa kamisheni, humtoka mtu mdomoni kabla ya akili kuamka. Rula alilifikiria baadaye, akajipa moyo. Mmoja atazungumzia chuma chakavu, mwingine daktari mstaafu. Uongo wa huku na uongo wa kule utakutana wapi? Akalala usingizi wa mtoto.

Kesho yake alilivuta gari mpaka uwanja wa gereji moja na kulifanyia usafi wa bibi harusi. Aliwafukuza kuku. Alimimina oili nzito ili injini isikohoe. Sakafu ya nyuma ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, akalitandikia zulia. Mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani, na huo hakuufanya lolote, kwa sababu nani hukaa huko nyuma? Kubwa kuliko yote, vile vijiti vinavyoipasha moto dizeli asubuhi vilikuwa vimeungua, betri nayo imechoka, kwa hiyo gari halikuwaka mpaka lisukumwe. Siku ya mnunuzi aliwaomba mafundi wakamsukumia mapema, likawaka, na hakuthubutu kulizima.

Mpiga besi alifika akalikuta linanguruma. "Mbona lipo moto?"

"Dizeli nzuri haizimwi ovyo, dada. Kuizimazima ni kuitukana."

Mwanamke alilizunguka. Alipiga teke tairi. Aliokota unyoya mweupe kwenye kiti cha mbele, akautazama.

"Mto wa daktari," alisema Rula. "Mgongo unamsumbua."

"Pole yake. Sasa kaka, mimi nataka nione kama besi inaenea."

"Itaenea na binamu zake!"

"Nataka kuona. Na besi yenyewe nimeiacha inapimiwa mfuko." Akampima Rula kwa macho kutoka utosini mpaka viatuni. "Lakini kimo chenu ni kimoja. Hebu lala humo."

Rula alikuwa amevaa suruali yake mpya ya rangi ya maziwa. Alifikiria zulia, akafikiria kiti kinachozunguka, akapanda.

"Si kifudifudi. Besi hulala chali, shingo katikati ya viti vya mbele. Hivyo. Na mikono ubavuni, besi haina mikono." Akapitisha mkanda kifuani, akapitisha wa pili magotini, akaikaza kama mtu aliyekaza mikanda maisha yake yote. Kisha akatoa blanketi.

"Dada, mimi si besi."

"Kwa sasa wewe ndiye besi. Nimeshavunjikiwa shingo moja kwa gari baya, sirudii. Unauza au huuzi?"

Rula alifunikwa gubigubi. Akasikia mlango wa nyuma ukijibamiza, ule usiofunguka kwa ndani, kisha gia ikiingia na gari likiondoka.

Mwanzoni alijipongeza. Biashara iliyofika hatua ya kufunga mikanda imekwisha. Halafu tairi liliingia shimo la kwanza, zulia likasogea, na kutoka kwenye tundu ukapanda moshi mzito wa dizeli, ukakaa naye humo ndani ya blanketi.

"Dada! Simama!"

"Nikisimama si litazimika?"

"Usilizime!" Rula alipiga kelele. "Likizimika haliwaki mpaka lisukumwe!"

"Daktari alikuwa akilisukuma mwenyewe, na mgongo ule?" aliuliza mpiga besi. "Basi nisisimame."

"Lakini moshi, dada! Kuna tundu chini ya zulia!"

"Kumbe. Na hilo tunalitoa kwenye bei." Akafungua dirisha la upande wake, akaanza kuimba polepole, sauti ya chini. Rula alihisi mwili wake ukitelezea kichwani na gari likizidi kasi, walikuwa wanateremka. Hapo ndipo jasho la kweli lilipomtoka. Mtu anaweza kuvumilia moshi kwa ajili ya kiti, lakini kiti hakizungushwi na maiti.

"Dada! Breki kanyaga mara mbili! Ya kwanza haishiki! Kanyaga, achia, kanyaga!"

Gari liliyumba, likashika, likatulia. Mpiga besi aliacha kuimba. Safari hii sauti yake ilikuwa na woga wa kweli. "Hilo ungeniambia lini, kaka? Kaburini?"

"Nimeshakwambia!" alilia Rula.

Wakapinda kushoto, wakapinda tena, wakasimama huku injini ikinguruma. Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mtu aliingia kwa shida, akihema, akakaa kiti cha abiria, sentimita chache kutoka kichwa cha Rula. Hakutoa salamu.

"Huyu ndiye mwenye pesa zote," alisema mpiga besi. "Kabla hajatoa anataka bei ya kweli. Mwambie hapohapo ulipo."

Ndani ya blanketi, akikohoa, akiwa amefungwa, mkono mmoja umekufa ganzi, Rula alizaliwa upya. Mwenye pesa! Sauti ikamrudia ile ya asali.

"Mheshimiwa, karibu sana. Tuseme ukweli kama watu wazima. Daktari hakuna. Gari ni la mjane mmoja, bibi wa watu, hajui dizeli wala mafuta ya taa. Nimeshamwambia ni chuma chakavu, na kakubali. Kwa hiyo wewe niletee ile bei ya dada, nipunguze kidogo kwa ajili ya hizo breki. Bibi tunampa ya chuma, anashukuru, na kwenye iliyobaki sitakusahau wewe. Hatajua. Yule akishaniona mimi, basi, kaniona mtakatifu."

Injini tu ilikuwa ikinguruma. Kisha kitu cha chuma, kile kikofia cha kidole cha washonaji, kikamgonga katikati ya paji la uso, ko, juu ya blanketi.

"Na suruali uliyolalia," ilisema sauti aliyoijua kuliko sauti zote duniani, "nimekushonea mimi."

Blanketi likafunuliwa. Tusimtazame sana. Kuna nyuso ambazo hata adui hapaswi kuzitazama.

"Shangazi, shikamoo," alisema Rula.

"Marahaba. Huyu dada kaja nimpimie mfuko, tukazungumza. Akanisifia gari la daktari wake: la kijivu, taa moja ya nyuma nyekundu, nyingine ya chungwa. Ile ya chungwa niliifunga mimi kwa uzi wangu, mume wangu ananishikia tochi." Akakirudisha kikofia kidoleni. "Nikapima besi kutoka juu mpaka chini. Nikasema, mbona kimo hiki nakijua? Nimekishonea tangu kinavaa kaptula."

"Shangazi, shetani..."

"Shetani mwache apumzike. Wizi ningekusamehe, mwanangu. Ungeniomba hilo gari ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma."

Hilo lilimwingia Rula kuliko moshi. Alifumba mdomo, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Wanawake wale wawili walielewana bei pale pale, juu ya kichwa chake, bila dalali. Breki, tundu na mlango vilikatwa. Mpiga besi hakubishana, wala shangazi hakubishana. Walipopeana mikono ndipo sauti ndogo ilipotoka sakafuni.

"Na kamisheni yangu?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka mpiga besi akasahau mguu kwenye klachi. Gari lilishtuka, likapiga chafya moja, likazimika. Halikuwaka.

"Shuka usukume," alisema shangazi.

"Mlango haufunguki kwa ndani, Shangazi."

"Najua."

Alifunguliwa, akasukuma. Lilipowaka liliachia moshi wote lililokuwa limeuwekea akiba, na suruali ya rangi ya maziwa ikawa na rangi nyingine. Mpiga besi hakusimama kumshukuru, maana dizeli nzuri haizimwi ovyo.

Cherehani ya umeme ilifika wiki iliyofuata. Shangazi anashona huku miguu yake mitupu inapigapiga sakafu kwa mazoea, halafu anakumbuka, anaitazama, anatabasamu. Rula yupo. Chumba cha nyuma hakunyang'anywa, ila sasa anakilipia kwa jasho: kila asubuhi anaenda kulisukuma gari la bendi mpaka vijiti vipya na betri vipatikane, na siku za safari anabeba besi.

Safari ya kwanza aliuliza, kwa adabu, yeye atakaa wapi.

"Nyuma," alisema mpiga besi. "Chali, kando ya mwenzako."

Mabaki ya kitambaa cha ule mfuko wa besi yalikuwa mengi, mazito, meusi, yasiyoshika moshi. Shangazi alimshonea suruali ya kazi. Hakuhitaji kumpima.