Mtoto wa Jirani Hajui Kitu

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Mradi wa kupima makuzi ya watoto wadogo umeniteua mimi, Clavery Rutaihwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili (nilijistaafisha), nitafsiri dodoso la Wazungu ili liwafae watoto wa Kagera. Kasoro ni moja tu. Wamemteua na Ndyamukama. Jirani yangu! Tunatenganishwa na ua wa michongoma. Mtu anavaa miwani ya kusomea hata akila.

Mmoja wetu atakuwa mratibu wa mkoa. Mwingine atapelekwa kisiwa cha Goziba kupima watoto wa wavuvi. Goziba hufiki ila kwa boti, na mimi natapika boti ikiwa bado imefungwa.

Joanitha, mke wangu, badala ya kunipongeza kaanza tena habari za Kokuberwa, binti yetu. Eti mtoto ana miaka mitatu na hasemi neno. Eti hasikii, tumpeleke hospitali. Nimemweleza kwamba Koku ni mtoto wa fikra. Ukimwita haitiki kwa sababu yuko mbali kimawazo. Hata mimi huwa hivyo nikitumwa dukani. Tena, mtaalamu wa lugha ambaye mwanawe hana lugha, nani atampa cheo? Hospitali baada ya uteuzi. Kanuna.

Jumanne, 3 Juni

Kijiji cha Kaagya, jaribio la kwanza. Dodoso linamtaka mzazi aseme mtoto wake anaweza nini. Huko lilikotoka nasikia wazazi hujibu kweli tupu. Sisi tumekwenda kuwauliza Wahaya.

Swali: mtoto anaweza kupanga vitu kimoja juu ya kingine? Mama Annastella akasema wake kajenga banda la kuku. Swali: anaunganisha maneno mawili? Mzee Rugambwa akajibu kwa niaba ya mjukuu. Kihaya, Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa anaelewa ila hapendi kukiongea. Mjukuu mwenyewe alikuwa chini ya mibuni anakula udongo. Mzee akasema anachunguza rutuba.

Swali moja lilileta kelele: je, mtoto humimina maziwa kwenye nafaka asubuhi bila kumwaga? Mzee akataka kujua ni mwendawazimu gani anamwagia mahindi maziwa. Ndyamukama akaandika jambo kwenye karatasi yake huku akitabasamu. Tafsiri ilikuwa yangu.

Jioni Dokta Celina, mkuu wa mradi, mtu wa Morogoro, kapiga simu. Watoto wote wa Kaagya wamepata alama zote. Nikamwambia kwa Wahaya hilo ni la kawaida. Hakucheka. Kasema hawezi kumjua mtoto anayehitaji msaada ikiwa kila mtoto ni profesa.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata wazo bafuni. Wazo zito! Mhaya hawezi kusema ubaya wa mwanawe, sawa. Lakini wa mtoto wa jirani?

Nimerudi Kaagya na maswali yale yale, ila kila mzazi namuuliza kuhusu mtoto wa nyumba ya pili. Sikupata shida yoyote. Walinivutia viti. Walinikaribisha ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Je, anatembea mwenyewe? Mama Annastella akasema ndiyo, anatembea kuja kula kwake. Anajua majina ya vitu? Anajua la sufuria. Mzee Rugambwa kaombwa kumzungumzia mtoto wa Mama Annastella, akavuta pumzi, akasema, waitu, tumwombee tu.

Matokeo: Kaagya nzima hakuna mtoto mwenye akili. Nikachukua majibu ya jana na ya leo, nikatafuta wastani. Watoto wakawa wa kawaida kabisa! Hii ni sayansi. (Baadaye nimesikia Mama Annastella na mzee Rugambwa hawasalimiani. Sayansi ina gharama.)

Dokta Celina kwenye simu kasema wastani ni upuuzi, lakini kumuuliza mtu wa nje si upuuzi. Nimesikia nusu ya pili tu. Tulikuwa wote wawili ofisini, simu ikiwa kwenye spika, na Ndyamukama akapendekeza, kwa sauti ya upole inayonichefua, kwamba sisi wenyewe tuanze kama mfano. Majirani tayari tupo. Dokta kakubali, atakuja Ijumaa. Maana yake Consolata, mke wa Ndyamukama, atajibu kuhusu Koku wangu.

Nimeingia kwenye mtego nilioutega mwenyewe. Hapana. Ni Ndyamukama kautega.

Alhamisi, 5 Juni

Maandalizi. Asubuhi nimempelekea Consolata kopo la senene wakavu ambao Joanitha alimwekea mama yake. Nikamwomba kesho awe na moyo mkubwa. Kapokea kwa mikono miwili, kanishukuru, wakola, baba Koku. Sikuelewa kama hiyo ni ndiyo.

Mchana nimemfundisha Koku. Nimesimama nyuma yake nikaita. Kimya. Nikaita kwa Kihaya. Kimya. Nikapiga sufuria kwa mwiko. Paka akakimbia, Koku akaendelea kupanga vizibo vya soda, mnara mrefu, umenyooka kuliko ukuta wa nyumba hii. Kisha, kwa bahati, goti langu likagonga benchi alilokalia. Akageuka! Nikagonga tena. Akageuka tena, akacheka. Kumbe ni hivyo tu! Kesho nakaa benchi moja naye, swali likija naita na kisigino kinagonga.

Joanitha alikuwa mlangoni. Akaniuliza kama nasikia ninachokifanya. Nikamwambia mimi nasikia vizuri, upande wa kwetu hakuna tatizo hilo. Kaingia ndani. Nimemsikia analia na sikujua niende au nikae. Nimekaa.

Ijumaa, 6 Juni

Tumekutana sebuleni kwa Ndyamukama, mimi na Koku kwenye benchi letu nililolibeba kutoka nyumbani. Nimeanza mimi, kuhusu mtoto wao wa kiume. Nikasema hajui kusalimia. Akaingia, akapiga magoti, akanisalimia Kihaya, akamgeukia Dokta akamwamkia kwa Kiswahili. Nikasema kafundishwa jana. Dokta akaandika.

Zamu ya Consolata. Nilitegemea majigambo ya kwao, nikajiandaa kupinga. Hakujigamba. Alisema Koku ana mikono ya fundi na hakuna mtoto mtaani anayecheza na wenzake vizuri kama yeye. Nikaona senene wanafanya kazi. Kisha Dokta akauliza kama anageuka akiitwa. Consolata akaangalia mikono yake. Kasema, hapana. Kasema wiki iliyopita pikapu ilikuwa inarudi nyuma getini, dereva anapiga honi, watu wanapiga kelele, Koku yuko nyuma yake anaokota kizibo. Ni yeye Consolata aliyemvuta kwa gauni. Alikuja kutuambia siku ile ile, nikamjibu aangalie wa kwake.

Kweli nilimjibu hivyo.

Nikasimama na kusema huo ni wivu. Nikakaa haraka, maana bila benchi mimi si kitu. Koku! Kisigino. Akageuka. Nikawatazama wote kama mwanasheria. Dokta Celina akaniomba, tafadhali, nikaite kutokea mlangoni.

Niliita. Niliita kama dalali wa mnadani. Mbwa wa Ndyamukama alibweka, kuku wakaruka, mtu barabarani akaitika. Mwanangu akaweka kizibo juu ya kizibo. Sebule nzima walikuwa wananitazama mimi, naye akaona wanatazama upande mmoja, akageuka aone kuna nini, akaniona mimi, akafurahi.

Niliona uchungu sana. Naogopa. Nayaandika haya hapa kwa sababu Joanitha hasomi mwandiko wangu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mchungaji kahubiri jinsi kila mtu alivyosikia kwa lugha yake. Joanitha kanikanyaga mguu, makusudi. Nikamwambia kesho hospitali. Kasema ameshapanga na Consolata, mimi nibebe chakula.

Jumatatu, 9 Juni

Daktari kamulika masikio. Majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, ya muda mrefu. Yanatolewa kwa upasuaji mdogo, Mwanza. Kasema akitibiwa sasa atasikia na maneno yatakuja, tungechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Joanitha hakunitazama. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Uratibu kapewa Ndyamukama. Sina la kusema, ila miwani yake haina hata nguvu.

Jumamosi, 28 Juni

Tumerudi juzi kutoka Mwanza, upasuaji umefanyika. Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya Koku, mbali na benchi, nikasema jina lake bila kupaza sauti. Akageuka. Nimetoka nje nikalia kwenye migomba mpaka mbuzi wa Ndyamukama akaja kuangalia.

Mchana Dokta Celina katuma dodoso la ufuatiliaji. Daktari wa Mwanza anahitaji majibu ya kweli, maana sikio la kushoto bado linasitasita na huenda likarudiwa. Joanitha yuko sokoni. Nimeona nisiwasumbue majirani, nimejaza mimi. Anageuka akiitwa? Hugeuka kabla hujamwita. Kushoto? Kushoto ndilo bora. Maneno? Kuna “mpa”, yaani “nipe” kwa Kihaya, ambalo kitaalamu ni sentensi nzima. Sehemu ya maoni nimeandika kwamba mtoto husikia mvua ikiwa bado upande wa Uganda.

Joanitha karudi, kasoma. Kumbe mwandiko wangu anausoma! Amelichana, kachukua jipya, yuko uani kwa Consolata, namsikia anauliza na Consolata anajibu, polepole, swali kwa swali. Sikio la kushoto kampa sifuri.

Wivu tu. Jumatatu naenda Goziba, na huko nitawauliza watoto kuhusu wazazi wao.